Makubazi ya Kushoto ya Kikosi cha Saba

Ilikuwako nchi, na kama haikuwako basi waliozaliwa humo wana bahati. Jina lake halitajwi, maana hata wenyewe walikuwa hawalitaji bila kwanza kutazama nyuma. Zilikuwa zama za bunduki za gobori, zile za kushindilia baruti kwa mti, na mfalme wa nchi hiyo alikufa akaacha watoto pacha.

Sasa, pacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kurwa na wa pili ni Doto, jambo limekwisha. Lakini hawa kila mmoja alikuwa Kurwa. Hakuna aliyekubali kuwa Doto, hata kwa kupokezana. Mkunga aliyewazalisha akaitwa barazani, akaulizwa nani alitangulia. Alikuwa mzee mkweli, akasema, "Chumba kilijaa moshi, mama yao alikuwa anakata roho, mimi sikutazama." Wakamtia gerezani kwa kosa la kutotazama, na vita vikaanza. Kurwa wa Juu akashika milima, Kurwa wa Chini akashika bonde, na katikati ukapita mto ambao ulikuwa haujui lolote.

Kule bondeni, katika Wilaya ya Saba, aliishi Bi Mize, fundi wa makubazi, vile viatu vya wazi vya ngozi. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe pamoja na msharasi wa kutobolea ngozi, donge la nta na kigoda kilichobonyea upande mmoja. Watu walisema mwanamke hawezi kushona kubazi, wakasema hivyo mpaka gidamu zao, kanda za kushikia kubazi mguuni, zilipokatika. Tangu hapo wilaya nzima ilitembea kwa mkono wake. Alikuwa haangalii nyuso sana. Ukipita mlangoni kwake angekujua kwa kisigino: huyu anakanyagia ndani, huyu anaburuta, yule ana haraka lakini hana pa kwenda.

Alikuwa na mtoto aliyebaki, Shebwana, mtu mzima mwenye ndevu, msuka nyungo na vikapu. Shebwana alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Kwa hiyo kubazi lake la kushoto Bi Mize alilishona kwa soli tatu, moja juu ya nyingine, na kwa soli hizo tatu Shebwana alitembea kama watu wengine.

*

Ikaja amri kutoka kwa Kurwa wa Chini: kila wilaya iunde kikosi cha askari wa miguu elfu moja, mwezi usipite.

Amri ilikuwa nzuri, isipokuwa jambo dogo. Katika nchi hiyo watu hawahesabiwi. Ukimwuliza mwanamke ana watoto wangapi atakwambia, "Wa kujaza mkeka." Ukiuliza harusini walikuja wangapi utaambiwa masinia yaliyoliwa. Mtu akihesabiwa kifo kinasikia, na kikisikia hakikosi njia. Basi elfu moja itajulikanaje?

Liwali Badi, mkuu wa wilaya, akakaa na baraza lake siku tisa. Ng'ombe wa wilaya walikusanywa kwa ajili ya kikao hicho, nyama ikaliwa na baraza na ngozi zikawekwa kando kwa ajili ya uzalendo. Siku ya kumi Liwali akapanda jukwaani, akajifuta mdomo.

"Enyi raia watiifu," alisema, "serikali hii inaheshimu mila kuliko mila inavyojiheshimu yenyewe. Hatutamhesabu mtu. Mtu ana roho. Tutahesabu kubazi la kushoto la kila mtu, na kubazi halina roho. Makubazi elfu moja, kikosi kimoja. Kifo kikija kutega sikio, kitasikia habari za ngozi tu."

Watu walipiga makofi. Wengine walilia kwa jinsi walivyoheshimiwa.

Sheria ikaandikwa fupi ili kila mtu aishike: kubazi likiwa ghalani, mwenyewe yuko kikosini, kubazi likitoka, mwenyewe ametoka. Kubazi la kulia, Liwali akaeleza, askari ataachiwa la kupigania. Wakubwa wa jeshi wao huvaa buti, na buti hazihesabiwi, kwa sababu zinatoka ng'ambo na hazijui mila zetu.

Ila wanaume wengi wa wilaya ile walikuwa wanatembea peku. Hawana la kushoto wala la kulia. Liwali akampa Bi Mize cheo cha Fundi Mkuu wa Kikosi, akamletea zile ngozi.

"Nishone jozi ngapi, Bwana Liwali?" Bi Mize akauliza.

"Jozi za nini? Ya kulia hayahesabiwi. Shona ya kushoto."

"Na hao askari watavaa nini?"

"Wamezoea."

Basi akashona ya kushoto matupu. Wale watu walikuja mmoja mmoja kupimwa mguu, wakaona aibu kwa nyufa za visigino vyao, wakalishika kubazi jipya mikononi, wakalinusa, kisha karani akalichukua akalitia ghalani. Kwa wengi wao hicho kilikuwa kiatu cha kwanza maishani, nao hawakukivaa hata kuvuka ua. Kwa kazi hiyo Liwali alimwahidi Bi Mize mbele ya mashahidi kwamba mtoto wa fundi hataguswa.

*

Siku ya mwisho, jua limeshapanda, karani wa ghala akaja mbio. Jina lake Mselemu, mtu mwembamba, mwoga, ambaye Bi Mize alimjua tangu akiwa na viatu vya kushikwa kiganjani.

"Mama, nimekufa mimi. Mbwa wa Liwali ameingia ghalani akatafuna moja."

"La nani?"

"La yule mkulima wa mihogo wa kule bwawani. Keshaambiwa kuwa ametoka kikosini, ameondoka anacheka peke yake." Na ni kweli, mkulima yule mpaka anazeeka alikuwa akimpelekea mbwa yule mifupa. "Jemadari anakuja adhuhuri kupokea. Ni elfu kasoro moja. Niazime kubazi moja tu, Mama, hesabu itimie. Kesho asubuhi nakurudishia."

Bi Mize akatazama kibandani. Ngozi zilikwisha. Kilichoning'inia ukutani kilikuwa kimoja tu, kubazi la Shebwana la soli tatu, lililoletwa kutiwa gidamu mpya.

Katika mji ule, kumnyima jirani kitu cha kuazima ni aibu kubwa kuliko kuiba. Chumvi huazimwa, ungo huazimwa, hata moto huazimwa kwa kipande cha kifuu. Na Bi Mize alikuwa fundi. Kwa macho yake kile kilikuwa ngozi, uzi na nta. Akakitungua, akampa.

"Usilikunje soli," alisema.

Adhuhuri Jemadari Fumbwe alifika, buti zinang'aa. Makubazi yalihesabiwa yakatimia, ngoma ikapigwa, na Kikosi cha Saba kikawa kimezaliwa. Jioni kabla ya jua kuzama askari wawili walikuja kumchukua Shebwana.

"Mama," Shebwana alisema, ukambaa wa kusukia ungo bado mkononi, "umeniazima mimi?"

"Nimeazima kubazi."

"Basi mimi nadhani nilibaki ndani yake."

Alitabasamu ili mama yake asijisikie vibaya. Akaenda nao akichechemea, kulia juu, kushoto chini, mpaka akapinda kona.

*

Asubuhi Bi Mize alikuwa wa kwanza barazani. Mselemu karani alisimama nyuma ya Liwali akitazama ukuta.

"Bwana Liwali, nimekuja kuchukua kitu changu nilichoazima."

"Kitu gani hicho, Fundi Mkuu?"

"Kubazi la mwanangu."

Liwali akafunga macho kama mtu anayesikia harufu ya waridi. "Bi Mize, jana kulikuwa na kubazi. Leo hakuna kubazi, kuna kikosi. Nikitoa moja, kikosi ni pungufu. Kikosi kikiwa pungufu, wilaya ni pungufu. Wilaya ikiwa pungufu, Kurwa wa Chini ni mpungufu, na Kurwa mpungufu anaitwaje?"

Hakuna aliyethubutu kutaja jina Doto mle ndani.

"Uliniahidi mwanangu hataguswa."

"Na hakuguswa. Kuna aliyemgusa? Tumeligusa kubazi lake, ukatupa kwa mkono wako mwenyewe."

"Niliazima kubazi, Bwana. Sikumwazima mwanangu."

"Kubazi likiwa ghalani, mwenyewe yuko kikosini," Liwali alisema kwa upole. "Maneno mafupi kabisa. Hata mtoto ameyashika."

*

Uwanja wa mazoezi ulikuwa karibu na kisima. Kikosi kilikuwa kikubwa: kilipokunywa, kamba ya ndoo ilibidi iongezwe pima mbili. Waliokuwa na makubazi sasa walikuwa na la kulia tu, mguu wa kushoto peku juu ya changarawe na mbigili, na wote walichechemea, ila kila mtu kwa namna yake. Jemadari Fumbwe alikasirika sana. Hata kuchechemea kunahitaji nidhamu.

Akamwona Shebwana. Bila soli zake tatu Shebwana alizama kushoto na kuibuka kulia, sawasawa, bila kukosea, kama mtwangio.

"Mtazameni yule," Jemadari alisema. "Hajifanyi. Anachechemea kwa imani. Mwekeni mstari wa mbele, na kikosi kizima kichechemee kama Shebwana."

Tangu siku ile amri ilikuwa hiyo: mbele, chechemea. Jeshi zima lilizama na kuibuka pamoja. Lilikuwa jambo la kupendeza ukilitazama kutoka mbali.

Bi Mize alileta chakula kwenye ua wa miba. Shebwana akaja akala amesimama.

"Nimepanda cheo, Mama. Mguu uliokuwa ukinifanya nisichezeshwe na wenzangu leo watu wazima wanauiga."

"Unauma?"

"Nyonga. Wenzangu wameniambia nikipona watanipiga, maana na wao nyonga zinawauma kwa ajili yangu."

"Nitalitoa kubazi lako."

"Najua." Akalamba vidole. "Mama, ule ungo wa Mwana Siti bado ukingo. Mwambie asiuchukue hivyo hivyo, utafumuka."

Kesho yake, kabla Bi Mize hajafika uani, kikosi kilikuwa kimekwenda mtoni.

*

Vita vya mtoni vilichukua asubuhi moja. Waliorudi walirudi baada ya siku nne. Hawahesabiwi, ila walipikiwa uji wa chungu kimoja, kile cha kawaida cha nyumbani, wakanywa wakashiba na ukabaki ukoko.

Mmoja wao, Kibwana mchoma mkaa, alikuja akaketi kizingitini kwa Bi Mize. Alikaa akitazama miguu yake.

"Tulipewa amri tuvuke," alisema. "Mawe yale ya mtoni yana utelezi. Yeye alikuwa mbele. Maji yakamfika kiunoni, na bunduki za upande wa pili zimeshaanza, nikamwona bado anazama na kuibuka. Sijui kama ni mguu au ni amri. Kisha akazama, nasi sote tukasubiri aibuke ndipo tupige hatua."

Bi Mize akamletea maji. Kibwana akanywa, akasema, "Tulisubiri, Mama. Ndiyo maana wengi walipigwa wamesimama."

Watu wa mji walitaka kuweka matanga. Liwali akapanda tena jukwaani, mara hii akiwa amevaa vazi la ushindi.

"Nimesikia uvumi wa vifo," alisema. "Nimekwenda ghalani mimi mwenyewe. Makubazi yako elfu moja, hakuna hata moja lililopungua. Kikosi cha Saba kimepigana vita vikali na hakikupoteza mtu. Sasa mwanamke anayekaa eda, anamkalia nani? Atakayelia atakuwa anaikanusha hesabu."

Na wale waliorudi? Hao walikwenda ghalani kudai makubazi yao wakaambiwa haiwezekani, kwani yakitoka kikosi kitapungua, na watu watadhani kuna waliokufa. Basi waliorudi walikuwa hawajarudi, na waliokufa walikuwa hawajafa, na Wilaya ya Saba ikapewa bendera.

Bi Mize alifunga mlango wa kibanda. Alikaa kwenye kigoda chake kilichobonyea, akashika ule ungo wa Mwana Siti usio na ukingo. Hakulia kwa sauti, maana ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba na jirani alikuwa mjumbe wa baraza. Alitaka kitu kimoja tu sasa. Mwili umechukuliwa na mto. Alitaka lile kubazi la soli tatu alioshe, alisomee, alifukie ardhini, ajue mwanawe yuko wapi.

*

Mvua za masika zikaleta ukungu ghalani. Makubazi yakaota manyoya meupe, na habari zikaja kuwa Mjumbe wa Kurwa wa Chini atafika kukagua. Liwali akamwita Fundi Mkuu.

"Kikosi kinaoza," alisema. "Kitengeneze. Ngozi za viraka utaletewa."

Mlango wa ghala ukafunguliwa. Bi Mize akaingia na chupa ya mafuta na kitambaa, akasimama. Yalipangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi paani, vidole mbele, kama watu wanaosubiri kuitwa. Akayajua yote. Huyu anakanyagia ndani. Huyu anaburuta. La mwanawe lilikuwa rafu ya pili, nene, limekunjwa soli.

Akalitia kwapani chini ya kanga, akatoka nalo mchana kweupe, akalizika nyuma ya kibanda.

Kwa Kibwana akafanya namna nyingine. Alichukua la zamani kama linalokwenda kutiwa kiraka, akamrudishia mwenyewe, na rafuni akaweka jipya la kipimo kile kile. Kibwana akalivaa, akaenda zake porini ambako hakuna Kurwa wala Doto. Kisha wakaja wenzake wa chungu kimoja, nao wakaenda. Kisha wakaja wanawake.

Walikuja na vikapu vya mboga, wakakaa. Mwisho mmoja akasema, "Bi Mize, la wangu lina alama ya moto kisiginoni. Alikuwa akiota jikoni." Basi alipewa. Mwingine akasema, "La wangu halina alama. Alikuwa peku, hakulivaa." Akafikiri. "Lakini alilinusa." Naye akapewa. Wakajifunza kushona, maana mikono ya mzee mmoja haitoshi. Walishona ya kushoto mapya wakapeleka, wakatoa ya kushoto makuukuu wakayazika chini ya mipapai, chini ya mawe ya kusagia, na palipokuwa na mwosha maiti waliyaosha kwa mafuta.

Mselemu karani aliona. Kila jioni alipita kwenye rafu, akagusa ngozi mbichi, akasema bila kumtazama mtu, "Ukungu naona umepungua."

Siku moja akauliza polepole, "Mama, lile la Shebwana hujaliwekea lingine. Pale pana pengo."

"Lile niliazima mara moja," Bi Mize alisema. "Sirudii."

*

Mjumbe alifika chini ya mwavuli mwekundu. Aliingia ghalani akavuta pumzi.

"Kikosi gani hiki," alisema. "Kinanukia upya. Kimetoka vitani na hakina hata mkwaruzo." Akaanza kuhesabu kwa fimbo yake ya pembe, rafu baada ya rafu, na Liwali nyuma yake akitabasamu, mpaka fimbo ikafika rafu ya pili ikagonga ubao mtupu.

"Kasoro moja," Mjumbe alisema. "Yuko wapi?"

Liwali akamtazama karani. Karani akatazama ukuta. Mjumbe akaanza kusema taratibu juu ya wilaya pungufu na wakuu wa wilaya pungufu, na mti uliopandwa maalumu kwa ajili yao.

Bi Mize alikuwa amechuchumaa mlangoni na kitambaa chake cha mafuta. Akasogea karibu na Liwali, akanong'ona kama mtu anayemsaidia jirani.

"Bwana, azima lako. Hesabu itimie. Kesho asubuhi nitakurudishia."

Liwali hakungoja. Alilivua kubazi lake la kushoto, la ngozi laini lililotiwa nyuzi za fedha, akalisukuma kwenye pengo. Fimbo ikarudi, ikagonga ngozi.

"Elfu moja," Mjumbe alisema. "Safi. Nina amri hapa. Kurwa wa Juu amekusanya watu mtoni. Kikosi cha Saba kiende mbele leo leo."

Mjumbe akauliza askari wako wapi. Wakatafutwa mji mzima. Waliokuwa mtoni walikuwa mtoni, waliokwenda porini wamekwenda. Akapatikana mmoja tu ambaye kubazi lake lilikuwa ghalani na mguu wake wa kushoto ulikuwa peku.

"Niliazima kubazi!" Liwali alisema. "Sikujiazima mimi!"

Mjumbe akamwomba karani asome sheria. Mselemu aliisoma kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni, kisha haikutetemeka tena. Ilikuwa fupi.

Makubazi yakapakiwa kwenye mikokoteni ya punda ili kikosi kiende chote. Liwali alitembea mbele yake na gobori begani, akichechemea, na njiani aliigeukia mikokoteni mara kwa mara kana kwamba alitegemea kuna atakayeshuka.

*

Vita vile viliisha baadaye, maana wale pacha walikufa siku moja kwa homa moja, na sasa watu wao wanabishana nani alitangulia kufa.

Lakini kabla ya hapo, mwezi mmoja tangu mikokoteni iondoke, mke wa Liwali alikuja kibandani kwa Bi Mize. Alikuja kwa miguu, bila mwavuli, bila mtumishi. Akaketi pale walipokuwa wakiketi wenzake. Alikuwa na kikapu cha mboga, naye hakuzoea kukibeba. Kilikuwa kimemwachia alama nyekundu mkononi. Wanawake waliokuwa wakishona wakaacha kushona.

"La kwake halimo ghalani," alisema. "Lilikwenda na mikokoteni. Sina cha kuzika."

Mmoja alitema mate, akayafukia kwa kidole cha mguu. Bi Mize alikaa akiukuna mpini wa msharasi kwa kucha, muda wa kutosha chungu kuchemka. Nyuma ya kibanda, mpapai mchanga juu ya kaburi la soli tatu ulikuwa umetoa majani.

Akavuta kipande cha ngozi, akakitandaza magotini, upande wa kushoto.

"Haya," alisema. "Niambie alivyokanyaga."